Nafsi ya "Sisi": Usomaji wa Mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inajenga imani katika maandishi: kilichoandikwa hudumu, na kisichoandikwa huyeyuka pamoja na kumbukumbu za waliokiona. Historia ya Wamaasai chini ya utawala wa Waingereza inaitia imani hiyo katika mtihani mgumu. Ardhi ya Wamaasai haikupotea kwa kukosa daftari. Ilipotea ndani ya daftari, kwa mikataba miwili iliyoandikwa, kutiwa alama na kushuhudiwa, wa kwanza mwezi wa Agosti 1904 na wa pili tarehe 4 Aprili 1911.

Wanahistoria wameichunguza mikataba hiyo kama tukio la kisiasa, nao wanasheria wameichunguza kama chanzo cha haki na wajibu. Makala hii inaisoma kama matini. Inauliza ni nani anayesema ndani yake, anasema kwa niaba ya nani, na sarufi ya usemi wake inampa nani uwezo na kumnyima nani. Hoja yake kuu ni kwamba mikataba hiyo iliwaumba Wamaasai kuwa nafsi moja ya "sisi", yenye mamlaka ya kutosha kutoa ardhi. Nafsi hiyo hiyo ilipofika mahakamani mwaka 1913 ili kudai kile ilichoahidiwa, iliambiwa kwamba haikuwa na mahali pa kusimama. Uhusiano baina ya dola ya walowezi na wenyeji asilia ulijengwa juu ya mgeuko huo.

Usuli wa mikataba

Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki mwaka 1895. Wakati huo Wamaasai walikuwa wametoka katika kipindi wanachokiita emutai, yaani maangamizi. Homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka na ndui ziliandamana na njaa pamoja na vita baina ya sehemu za Wamaasai wenyewe. Baada ya kifo cha oloiboni Mbatian, wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, waligombea urithi wake. Olonana, anayejulikana katika nyaraka za serikali kama Lenana, alielekea kwa Waingereza. Kwa miaka kadhaa baadaye, wapiganaji wa Kimaasai waliandamana na misafara ya Waingereza dhidi ya jamii nyingine na kupata mgao wa mifugo iliyotekwa. Jambo hili lina uzito katika kuisoma mikataba: Wamaasai hawakuja mezani kama watu walioshindwa katika vita na Uingereza, bali kama washirika waliodhoofishwa na maradhi na ambao ng'ombe wao walikuwa wameanza kuongezeka tena.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901, ikiwa imepita katikati ya malisho ya Bonde la Ufa. Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba gharama za reli zingelipwa na kilimo cha Wazungu. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1902 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99, na mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro. Walowezi waliiita ardhi hiyo tupu. Neno hilo lilitegemea kutoelewa, au kukataa kuelewa, utaratibu wa wafugaji ambao huacha malisho yapumzike kwa msimu mmoja ili wayarudie msimu mwingine. Kwa jicho la mlowezi, uwanda usio na ng'ombe leo ulikuwa uwanda usio na mwenyewe.

Sauti ya mkataba wa 1904

Mkataba wa 1904 ulifanywa kati ya Kamishna Donald Stewart, aliyemrithi Eliot mwaka huo, na viongozi wa Wamaasai wakiongozwa na Olonana. Kwa mujibu wake, Wamaasai wangeondoka katika sehemu za Bonde la Ufa zilizo karibu na reli na kuhamia rizavu mbili, moja Laikipia upande wa kaskazini na nyingine kusini ya reli. Wangepewa njia ya kuunganisha rizavu hizo, na wangebakiziwa maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara.

Jambo la kwanza linalomgusa msomaji ni nafsi ya usemi. Hati haisemi kwamba serikali imeamua kuwahamisha Wamaasai. Inasema, kwa kauli ya Wamaasai wenyewe, kwamba wao waliotia alama wameamua kwa hiari yao kuwa kuondoka karibu na reli, na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa Wazungu, ni kwa manufaa yao. Mwenye haja ya ardhi hatajwi kuwa mwenye haja. Anayepoteza ndiye anayepewa kauli, naye anaitumia kuomba apoteze. Katika uhakiki wa fasihi mbinu hii si ngeni: mtunzi humwazima mhusika kinywa, kisha akajificha nyuma yake. Tofauti ni kwamba katika riwaya msomaji anajua kwamba mtunzi yupo. Katika hati ya serikali, mtunzi hutoweka na mhusika huachwa abebe dhamana ya maneno yote.

Jambo la pili ni lugha. Hati ilitungwa kwa Kiingereza, na waliotia alama hawakukisoma Kiingereza. Maneno yalipitishwa kwa wakalimani, wa Kiswahili na wa Kimaasai, ambao nao waliweka alama zao mwishoni mwa hati. Kiswahili kilikuwa daraja ambalo ardhi ilivukia, na wahakiki wa lugha hii hawana budi kulikumbuka hilo. Aghalabu historia ya Kiswahili husimuliwa kama historia ya biashara, dini, ushairi na umoja wa kitaifa. Hapa Kiswahili kinaonekana kama nyenzo ya utawala, kikitumika kwa saa chache baina ya matini iliyokwisha kuandikwa na hadhira isiyoweza kuihakiki. Yaliyosemwa kwa Kiswahili na Kimaasai yalipita pamoja na pumzi ya wasemaji. Kilichokuja kufikishwa mahakamani ni Kiingereza.

Jambo la tatu ni mamlaka ya wasemaji. Hati inawatambulisha waliotia alama kama wawakilishi wa Wamaasai wote, na Olonana kama kiongozi wao mkuu. Hata hivyo, oloiboni hakuwa mtawala. Alikuwa mwenye elimu ya uaguzi, tiba na baraka, aliyeheshimiwa na kuogopwa, lakini uamuzi wa mambo ya jamii ulitokana na mashauriano ya marika na wasemaji wao, ilaiguenak. Aidha, Wamaasai hawakuwa na chombo kimoja cha kuzungumza kwa ajili ya sehemu zao zote. Utawala ulihitaji mtu mmoja wa kutia alama, na kwa kuwa hakuwapo, ulimtengeneza. Haifai kudai kwamba Olonana alikuwa kibaraka asiye na nia yake. Alikuwa na mahasimu, na cheo alichopewa kilimfaa. Lakini nia ya mtu mmoja ndani ya siasa ya jamii yake ni kitu kimoja, na uwezo wa mtu huyo kuifunga jamii nzima kwa vizazi vyote ni kitu kingine.

Mwishoni mwa hati mna kipengele ambacho kimekumbukwa kuliko vingine vyote. Wamaasai wanasema kwamba wameridhika, kwamba wanajifunga wao na warithi wao, kisha wanaomba mapatano hayo yadumu kwa muda wote ambao Wamaasai kama watu watakuwapo, na Wazungu wasiruhusiwe kuchukua ardhi katika rizavu zao. Umbo la vitenzi linastahili kuangaliwa kwa makini. Wajibu wa Wamaasai umetamkwa kwa kauli ya ahadi: wanajifunga. Kudumu kwa haki yao kumetamkwa kwa kauli ya ombi. Ndani ya aya moja, upande mmoja unaahidi na kuomba, na upande wa pili unapokea ahadi na kusikiliza ombi.

Kutoka milele hadi miaka saba

Milele ya 1904 ilidumu kwa miaka isiyotimia saba. Njia ya kuunganisha rizavu mbili haikupata kuwa njia ya uhakika, hasa kwa sababu ya karantini za mifugo, na jamii iliyozoea kubadilishana ng'ombe, kuoana na kufanya sherehe pamoja ikajikuta imekatwa vipande viwili. Wakati huohuo walowezi waliitamani Laikipia. Gavana Percy Girouard alishikilia kwamba Wamaasai wote wakusanywe katika rizavu moja ya kusini itakayopanuliwa.

Olonana alifariki mwezi wa Machi 1911. Maafisa waliripoti kwamba katika saa zake za mwisho aliwausia watu wake waitii serikali na kwamba wale wa kaskazini wahamie kusini. Wasia ni utanzu wenye uzito mkubwa katika jamii za Kiafrika. Maneno ya anayekata roho hayajadiliwi. Kwa sababu hiyohiyo, msomaji makini hana budi kuuliza wasia umesimuliwa na nani na nani aliyeurithi. Hapa msimulizi na mrithi ni mmoja. Ni kweli kwamba Olonana mwenyewe angeweza kutaka Wamaasai waungane tena chini ya ukoo wake, na huenda wasia huo haukuwa uzushi mtupu. Lakini ulipokwisha kuingia katika faili za serikali, ulifanya kazi ambayo mkataba peke yake usingeifanya: uliugeuza uamuzi wa kuhamisha watu kuwa heshima kwa marehemu.

Mkataba wa 1911 ulitiwa alama mwezi uliofuata. Segi, mwana wa Olonana aliyekuwa bado kijana, aliwekwa kama kiongozi mkuu wa Wamaasai wote, akiwa na waangalizi. Msemaji mashuhuri wa kaskazini, Ole Gilisho, ambaye nyaraka zilimwita Legalishu, alikuwa amepinga kuhama, lakini alama yake imo katika hati. Nafsi ya usemi ni ileile, "sisi", ila sarufi imebadilika. Mwaka 1904 Wamaasai waliwakilishwa kama watu walioamua kuhama. Mwaka 1911 wanakubali kuondoka wakati wowote Gavana atakapoagiza, kwa njia atakazozitaja Gavana. Kiima bado ni Wamaasai, lakini kila kitendo chenye uzito sasa ni cha Gavana. Hati inatamka pia kwamba waliotia alama wamehakikisha kuwa watu wao wameyafahamu masharti yote. Kauli ya namna hii huandikwa pale ambapo mwandishi wa hati anahofia kwamba siku moja mtu atauliza.

Hati ya 1911 ilihifadhi haki ya Wamaasai juu ya mahali pa tohara Kinangop. Kwa mtazamo wa haraka huo ni ukarimu. Kwa kweli ni kejeli, ingawa aliyeandika hakuikusudia, kwani watu waliohamishwa kusini ya reli waliachiwa uwanja wa sherehe katikati ya nchi waliyokatazwa kuishi.

Uhamisho ulianza mwaka 1911, ukakwama kwa mvua na baridi kwenye nyanda za juu za Mau ambako watu na mifugo walikufa, ukasimamishwa, kisha ukaendelea mwaka 1912 hadi 1913. Kwa makadirio ya utawala, waliohamishwa walikuwa watu wapatao 10,000, pamoja na ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja. Girouard mwenyewe aliacha kazi mwaka 1912, baada ya Wizara ya Makoloni kutoridhika na maelezo yake kuhusu ahadi za ardhi kwa walowezi.

Nafsi mahakamani

Wamaasai wa kaskazini hawakuchukua silaha. Walichukua mkataba. Kesi waliyoifungua katika Mahakama Kuu ya himaya, Mombasa, inajulikana katika vitabu vya sheria kwa jina la Ol le Njogo. Mwanahistoria Lotte Hughes, ambaye kitabu chake juu ya uhamisho huo kilitoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba mdai huyo aliitwa Murket Ole Nchoko. Hata jina la aliyekwenda kudai haki ya maandishi liliandikwa vibaya, na kosa hilo ndilo linaloendelea kunukuliwa.

Wadai walishika mambo mawili. Kwanza, mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai. Pili, waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wa Laikipia. Kwa maneno mengine, walifanya uhakiki: walihoji uhalali wa "sisi" ya pili na kuitaka dola iheshimu "sisi" ya kwanza. Mahakama haikuwajibu. Mwezi wa Mei 1913 ilitoa uamuzi kwamba himaya ilikuwa nchi ya kigeni, kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme, na kwamba mapatano yao na Mfalme yalikuwa mikataba ya mataifa, ambayo utekelezaji wake ni tendo la dola lisiloweza kuchunguzwa na mahakama. Rufaa ilitupwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Mmoja wa majaji wa rufaa, Morris Carter, alieleza kwamba Wamaasai walikuwa wamebakiwa na kiasi fulani cha enzi yao, kiasi cha kuwawezesha kufanya mikataba. Mwaka 1932 Carter huyohuyo aliwekwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ardhi ya Kenya.

Maana ya uamuzi huo inaonekana vizuri zaidi ukiwekwa kando ya ule uliofuata. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliwaruhusu walowezi kukodi kwa miaka 999. Mwaka 1920 himaya ikawa koloni la Kenya, na wenyeji wakawa raia wa Mfalme. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba kutokana na sheria hizo Waafrika walikuwa wapangaji wa Mfalme, wanaoweza kuondolewa kwa mapenzi yake. Mwaka 1913 Mwafrika alinyimwa haki kwa sababu alikuwa mgeni kwa Mfalme. Mwaka 1921 alinyimwa kwa sababu alikuwa mtu wa Mfalme. Hadhi ilibadilika, matokeo hayakubadilika. Hapa ndipo mantiki ya dola ya walowezi inapojifichua: haikuhitaji nadharia moja kuhusu mwenyeji, bali ilihitaji kila mara nadharia inayoiacha ardhi mahali ilipo, mikononi mwa aliyeichukua.

Daftari la pili

Haya hayamaanishi kwamba Wamaasai hawakuwa na kumbukumbu yao. Nchi waliyoipoteza kaskazini waliendelea kuiita Entorror, na masimulizi ya wazee yanaitaja kwa malisho na maji yake, yakiilinganisha na kusini kwenye oltikana, ugonjwa wa ng'ombe ambao wafugaji wanaotumia Kiswahili huuita ndigana. Masimulizi hayo ni ushahidi wa kiuchumi uliohifadhiwa kwa njia ya fasihi simulizi. Yanapotaja ugonjwa, yanataja hasara ambayo mkataba haukuihesabu.

Karen Blixen, aliyeishi karibu na Ngong na kitabu chake kuchapishwa mwaka 1937, aliona kwamba Wamaasai walikuja na majina ya milima, nyanda na mito yao ya kaskazini na kuyapa milima, nyanda na mito ya kusini. Yeye aliliona jambo hilo kwa huruma ya mtu anayetazama watu wanaofifia. Usomaji mwingine unawezekana. Mtu anayehamisha jina hafanyi maombolezo tu. Anatunza rejista. Kila mlima wa kusini unaoitwa kwa jina la mlima wa kaskazini unatangaza kwamba mlima wa kwanza upo na una mwenyewe. Elspeth Huxley, katika kitabu chake juu ya Delamere kilichotoka mwaka 1935, aliweza kuisimulia Kenya kuwa nchi iliyofanywa na mlowezi. Majina yaliyohama yalikuwa yakisimulia kinyume chake, bila kitabu.

Hitimisho

Mwezi wa Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana na baadhi yao wakaingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia. Polisi waliwaondoa, na mfugaji mmoja mzee aliuawa kwa risasi. Hoja iliyosikika sana ilikuwa kwamba ukodishaji wa miaka 99 ulikuwa umekwisha. Kwa upande wa matini, hoja hiyo ilikosea mlango. Miaka 99 ilikuwa ya sheria ya 1902 iliyowahusu walowezi, na mkataba wa 1904 haukuikodisha Laikipia kwa yeyote. Uliiweka kuwa ya Wamaasai kwa muda wote watakaokuwapo. Waandamanaji walidai kwa hati ya mlowezi jambo ambalo hati yao wenyewe iliwapa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, kumbukumbu ya umma ilishika kiini kwa usahihi: ardhi haikuuzwa.

Tofauti hiyo ina matokeo. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilizifafanua dhuluma hizo kuwa zilizotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, na miongoni mwa vyanzo vyake ikataja mikataba kati ya jamii na serikali kabla ya uhuru. Mahakama ya Afrika ilipotoa uamuzi kwa ajili ya Waogiek wa msitu wa Mau mwaka 2017, iliwatambua kuwa jamii asilia yenye haki juu ya ardhi yake. Kwa hiyo swali ambalo mahakama ya 1913 ilikataa kulisikiliza, yaani nani alisema "sisi" na kwa idhini ya nani, limepata mlango wa kuingilia.

Swali hilo haliwezi kujibiwa na wanasheria peke yao. Linahitaji wasomaji wanaojua kupambanua sauti ya mtunzi na sauti ya mhusika, ahadi na ombi, wasia na taarifa ya mrithi, na wanaoweza kuliweka simulizi la mzee kando ya hati bila kulidharau moja wala kuliabudu jingine. Mali yenye daftari nayo hupotea, iwapo daftari limeshikwa na mmoja na kusomwa na huyohuyo.